Namba Zilizogoma

Katarina Kapinga ni fundi cherehani. Ana meza yake kwenye kibaraza cha duka la vitenge pale Mbinga mjini, na wanaompelekea magauni ya komunyo hawawezi kudhani kwamba siku za mapumziko mama huyu huwa porini akitafuta vikopo. Mimi ni jirani yake, tumepakana ukuta, ndiyo maana nayajua haya.

Mchezo wenyewe ni hivi. Mtu anaficha kikopo chenye karatasi ndani, chini ya jiwe au kwenye tundu la mti, halafu anaweka mtandaoni namba za mahali pale, zile zinazopimwa kwa setilaiti. Wewe unazifuata namba hadi ukione, unaandika jina lako na kukirudisha. Zawadi hakuna. Katarina alifundishwa na Sista Scholastica, mtawa aliyekuwa akicheza na wageni wa parokia, na Sista alipohamishwa akamwachia kifaa chake cha GPS. Ni kitu cha kushika mkononi, kinatumia betri za kawaida, na kina mshale unaokuonyesha uelekee wapi.

Kilikuja wakati mzuri. Edina, mtoto wao wa mwisho, alikuwa ameondoka kwenda chuo, na nyumba ilikuwa imepoa. Mumewe, Placidi, anauza vipuri vya pikipiki na si mtu wa maneno mengi. Katarina aliniambia kuna siku walikula kuanzia tonge la kwanza mpaka kunawa mikono bila kusemeshana, na si kwamba walikuwa wamegombana. Mchezo ule ndio uliowatoa ndani pamoja.

Walichokuja kubishania ni vifaa. Placidi hakutaka kabisa kifaa cha Sista. Alikuwa na simu ya tachi yenye programu ya mchezo huo, inayoonyesha picha ya mlima mzima, maelezo ya aliyeficha, hata maoni ya waliofika kabla yako. Kwake, kifaa cha GPS kilikuwa kitu cha zamani kinachokupa mshale tu. Katarina naye alisema simu haisomeki juani, inakula chaji, na ukifika pasipo na mtandao kabla hujapakua ramani unabaki unatazama kioo kitupu. Yeye simu yake ni kitochi cha vitufe, cha kupigia na kutuma ujumbe, na kinamtosha.

Januari iliyopita walishuka kwa pikipiki hadi Liuli, ziwani, kumsalimia Hilda, dada yake Placidi aliyeolewa huko. Asubuhi, baada ya chai, Placidi akaona kwenye simu kwamba kuna kikopo kipya juu ya mlima ulio nyuma ya kijiji. Wakakubaliana washindane. Kila mtu na kifaa chake, kila mtu na njia yake.

Katarina alikuwa amefika nusu ya mlima wingu liliposhuka. Manyunyu yakaanza, kisha mvua yenyewe, na nyasi ndefu zikawa nyeupe kwa ukungu kiasi kwamba hakuyaona mawe mpaka ayaguse. Akajibanza chini ya mwamba na kumpigia mumewe. Simu ikaita, ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Ndipo ukaja ujumbe: Placidi ameteleza kati ya mawe, mguu hausimami, chaji inakwisha, na hizi hapa namba za alipo.

Akaanza kuziingiza kwenye kifaa kwa vidole vilivyolowa. Kifaa kikazikataa. Akazifuta, akazirudia moja moja, kikakataa tena. Akampigia, hapatikani.

Anasema hapo ndipo alipoogopa kweli. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba Placidi amekosea kuandika kwa maumivu, na kwamba mlima wote ule itabidi autembee akiita jina lake kwenye mvua. Akaita. Hakuna aliyeitika. Akampigia Hilda, akamweleza wako wapi. Hilda akasema Steven, mumewe, anakusanya wenzake sasa hivi, ila juu huko watampataje mtu kwa wingu lile?

Katarina akakaa tena chini ya mwamba na kuzitazama zile namba. Baada ya nyuzi kulikuwa na nukta, na baada ya nukta kulikuwa na sitini na nne. Kifaa chake kilikuwa kinasubiri dakika, vile vipande sitini vya kila nyuzi moja, na dakika za ramani ni kama za saa, hazifiki sitini. Simu ya Placidi haikuwa imeandika dakika, ilikuwa imeandika nyuzi kwa desimali. Namba zilikuwa sahihi, zimeandikwa kwa mtindo mwingine tu. Akaingia kwenye mipangilio ya kifaa, akabadilisha mtindo, akaziandika upya. Safari hii kifaa kikazipokea na mshale ukageuka, ukaelekea upande wa bonde, si mbali.

Alimkuta amekaa kwenye maji, mgongo ameuegemeza jiwe, mguu mmoja ameunyoosha, simu iliyozima ameikumbatia kifuani isilowe.

“Mama Edina,” alisema, “nilikusikia unaita. Nilijibu, sauti haikutoka.”

Katarina alipiga magoti akamshika kichwa kwa mikono miwili. Akampigia Steven, akamweleza wapandie upande wa bonde wakifuata sauti yake, na akawa anaimba nyimbo za kanisani kwa nguvu hadi wanaume walipotokea na machela ya miti.

Zahanati ya kijijini ilisema mguu umeteguka, haukuvunjika. Katarina aliposikia hivyo alitoka nje, akakaa kwenye ngazi na kucheka, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena, na Hilda akakaa naye pale. Mvua ilikuwa imekatika. Jioni walikula mbasa, samaki wa ziwani, wa kuchoma, na Placidi, mguu juu ya mto, alizungumza kuliko siku zote. Alimsimulia shemeji yake namna ile saa ilivyokuwa ndefu, na jinsi alivyokuwa akijiambia huyu mwanamke hatarudi kijijini bila yeye.

“Bila simu yako nisingepata namba,” Katarina alimwambia.

“Na bila kifaa chako zingekusaidia nini?”

Siku hizi wanapanda pamoja. Placidi anasoma maelezo kabla hawajaondoka, kisha anazima simu na kuifunga kwenye mfuko wa nailoni. Anayeshika mshale ni Katarina. Kikopo cha Liuli hawajakiona bado, na kila nikiwauliza lini watakirudia, Placidi, ambaye milima mingine anaipanda bila shida, anasema mguu kwanza.