Mngoje Ombati

Kimulot nzima humwita Karani, na wengi hawajui kwamba jina lake ni Bogonko. Kwa miaka ishirini na sita amepima majani ya chai kwenye kituo cha kununulia kilicho karibu na msitu, na muda wote huo hajamruhusu mtu kuruka foleni, awe chifu, awe mchungaji, awe mkewe mwenyewe Mongina. Kalamu yake hamwazimi mtu. Lakini kitu anachokijua kuliko vyote ni muda. Majani yakikaa guniani kupita kiasi hupata joto, yakaungua, na kiwanda kikayakataa. Bogonko hutia mkono ndani ya gunia akakwambia yamekaa saa ngapi, na kwamba lori likichelewa hadi saa fulani yatakuwa ya kumwagwa. Nalisema hili mapema, asije akatokea mtu wa kumtetea kwamba hakujua kukadiria saa.

Wazazi wake walitoka Nyamira kuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, wakajikaza hadi wakanunua ekari moja na nusu hapa. Baba alifariki mapema. Mama, Nyabate, akabaki na wana wawili, Bogonko na kitinda mimba Clifford. Clifford alipata viza akaenda zake Minnesota, na hadi mwaka huu alikuwa hajarudi kwa miaka kumi na moja. Simu alipiga, hilo tusimnyime. Ila aliyembeba mama mgongoni hadi barabarani siku za kliniki, na kumnywesha uji kwa kijiko mkono ulipokataa kufanya kazi, ni Bogonko.

Mama alipolazwa Kapkatet na daktari akasema walio mbali waitwe, Clifford alikata tiketi siku hiyo hiyo. Angetua Jomo Kenyatta alfajiri ya Alhamisi. Ndege za kutoka hapo kwenda Kisumu zilikuwa zimejaa, akapata kiti kwenye ndege ndogo ya saa tatu asubuhi inayoondoka uwanja wa Wilson, kule Lang'ata. Akiiwahi hiyo, saa sita angekuwa Kapkatet. Safari yote kutoka Marekani ikawa inategemea kipande hicho kifupi, kutoka uwanja mmoja wa Nairobi hadi mwingine.

Sasa, kwa watu wa Bogonko, mtu aliyetoka mbali hapokelewi na teksi. Hupokelewa na watu wanaolijua jina la babake, wakamshika mkono mmoja mmoja, wakaimba na kuomba kabla hajaonyeshwa gari. Bogonko aliyapanga mapokezi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ombati wa Kawangware, mtoto wa baba yao mdogo, akajitolea na gari lake la Noah, pamoja na kina mama watatu. Ombati ni mtu mwema kabisa, ila tangu azaliwe hajafika mahali kwa wakati. Harusi yake mwenyewe ilimngoja hadi saa tisa. Tena ile barabara mpya ya juu haipandi, anasema barabara ya kulipia si ya Mungu.

Alhamisi hiyo Bogonko alikuwa kando ya kitanda tangu kulipopambazuka. Mama alikuwa akiita.

"Clifford. Clifford amefika?"

"Mama, ni mimi."

Mama alimtazama kama anavyotazamwa mwuguzi wa zamu, akauliza tena. Bogonko akamshika mkono. Mama akautoa taratibu, bila ubaya wowote, akaunyosha kuelekea mlangoni. Hapo wivu ulimkaba, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mzee wa kanisa. Aliona aibu, na bado wivu haukutoka.

Simu ikalia. Akatoka nayo, akaipokea kwa spika kwenye korido, ambako Mongina alikuwa ameketi kwenye benchi na chupa ya chai na vikombe.

"Bro, nimetoka nje na kabegi kamoja tu," Clifford alisema. "Ombati simuoni. Hapa kwa app kuna teksi iko dakika tatu, inapita ile barabara ya juu, inasema nusu saa niko Wilson. Ama kuna basi ya kwenda tao. Mimi hizi barabara mpya sizijui. Nifanye nini?"

Saa ilikuwa moja kasorobo. Dakika kumi tu kabla, Bogonko alikuwa amesoma ujumbe wa Ombati kwenye kundi: ndio tunamalizia chai, tunatoka sasa hivi. Kutoka Kawangware. Kuvuka jiji zima, na watu wakienda kazini. Alipiga hesabu ileile anayoipiga kila siku mkono ukiwa guniani, na jibu likaja wazi.

"Mngoje Ombati," alisema. "Yuko karibu."

Mongina aliinua kichwa. "Si angechukua tu hiyo teksi?"

"Apokelewe na mtu asiyemjua? Watu watasema nini?"

Bogonko hakupiga simu tena, ingawa teksi bado ilikuwepo na alikuwa na nusu saa nzima ya kujirudi.

Saa tatu na dakika kumi Clifford alipiga kutoka Mombasa Road. Walikuwa wamekwama kwenye jam, na ndege ilikuwa imeondoka. Wangekuja na Ombati kupitia Narok. Hakulaumu mtu.

Mama aliita hadi saa sita. Saa sita kamili, saa ambayo Clifford angekuwa anaingia, alifumbua macho akautazama mlango, na Bogonko naye akautazama, kwa sababu hakuweza kumtazama mama. Saa saba akafariki.

Noah iliingia hospitalini saa kumi. Kina mama walianza kuimba wakishuka, wakamwona Mongina akitikisa kichwa, wakanyamaza. Clifford alikuja moja kwa moja kwa kaka yake. Tangu saa saba Bogonko alikuwa akiyapanga maneno: nilijua Ombati hatawahi, nikakwambia umngoje.

"Alikuwa akiniita?" Clifford aliuliza.

Maneno aliyoyapanga hayakuja.

"Hapana," Bogonko alisema. "Alikuwa amelala tu tangu jana. Hakuita mtu."

Clifford alishusha pumzi, akamkumbatia.

"Afadhali. Njia yote nimekuwa nikiomba iwe hivyo. Angekuwa ameniita nikakosekana, nisingejisamehe maisha yangu yote."

"Afadhali," Bogonko alisema.

Mongina, aliyelisikia jina la Clifford likiitwa asubuhi nzima, aliinama akaanza kuokota vikombe.