Nukta Mbili Usoni pa Mwanasesere

Usiniambie niliota. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua kali, nami nilikuwa macho kama ulivyo wewe sasa. Na hasira niliyokuwa nayo siku ile ninayo hadi leo.

Tulikuwa wasanii wanane wa Likoni, tukitayarisha maonyesho katika ukumbi wa kukodi. Kila mmoja alipewa karatasi ngumu ileile, yenye mistari ya kukata na kukunja, atengeneze mwanasesere apendavyo. Wangu nilimfanya mwanamke wa kwetu, kajitanda leso nyekundu niliyoichora ua kwa ua wiki mbili nzima. Uso nikauacha mtupu. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitushonea wanasesere wa matambara wasio na uso wala macho, akatuonya: "Msiwatie mato, wanangu. Mkiwatia mato watataka na roho, nanyi mtaitoa wapi?" Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kuonyeshwa mbele za watu, na niliitaka iwe kama alivyonifunza yeye.

Mwenyekiti wetu hakupendezwa. Akasema wageni watadhani sikumaliza. Nikamweleza, akacheka. Nilipotoka kwenda kusali, alichukua kalamu nyeusi akamtia macho: nukta mbili, moja kubwa, moja ndogo. Hata kuzilinganisha hakuweza!

Niliporudi nikaona, damu ilinichemka. Nilimwambia maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Alikuwa juu ya ngazi akifunga taa, akanijibu bila hata kugeuka, "Nimekusaidia, dadangu."

Ndipo akaingia mwanamke kajitanda leso nyekundu. Nikadhani mgeni kaja mapema. Kisha nikaliona doa la gundi begani, palepale nilipomdondoshea mwanasesere wangu. Niamini, kila hatua yake ilichakacha kama karatasi, na mikono yake haikukunjika. Usoni hakuwa na pua wala mdomo. Nukta mbili tu, moja kubwa, moja ndogo. Sauti ilitoka wapi? Usiniulize.

"Ni nani alonitia mato?" akasema. "Mimi sikuyataka. Sina kope za kuyafumba."

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusoma dua. Lakini wallahi nilikuwa nimejaa hasira, nikanyoosha kidole kuelekea ngazini.

Alimwendea polepole, na mwenyekiti aliposhuka, yule mwanamke akamgusa uso kwa mkono wake mgumu. Kisha akatoka. Mezani, mwanasesere wangu alikuwa mweupe usoni kama nilivyomwacha.

Tangu siku ile macho ya mwenyekiti hayafumbiki. Hulala yakiwa wazi, mkewe akiyafunika kwa kitambaa kibichi. Yeye huwaambia watu ni vumbi la rangi. Vumbi! Juzi mkewe alinijia akilia, "Dada, msamehe, huenda akapona." Nikamwambia aje mwenyewe, aseme alichofanya. Hajaja.

Nami sikusalimika. Kidole nilichomnyooshea hakikunjiki tena, na bila kidole hicho siwezi kukunja karatasi. Kazi niliyoipenda kuliko zote imenitoka mkononi.

Kwa hivyo wewe, ukikabidhiwa kazi ya mwenzako, iache ilivyo, usiiongezee hata nukta. Na ukikosewa, chunga kidole chako. Wengine wananiambia nikimsamehe changu kitakunjika. Pengine ni kweli. Lakini aje kwanza.