Neno Moja kwa Papa Fidèle

Kuna watu huambiwa na daktari wasile chumvi. Edmond aliambiwa na shefu wake asisalimie.

Si kwamba asisalimie popote. Sokoni alikuwa huru, kanisani alikuwa huru. Alikatazwa kwenye simu moja tu, ile nyeusi iliyokaa juu ya meza ya kabini ya umeme ya Kalemie, na mtu mmoja tu ndiye hakupaswa kusalimiwa humo. Bahati mbaya mtu huyo ndiye baba wa binti ambaye Edmond alitaka kumwoa. Sasa niambie wewe uliyelelewa na watu, utamnyimaje salamu baba wa mchumba wako?

Ilikuwa miaka ya Zaire, serikali ilipoamuru tuitane Citoyen, yaani raia, na majina ya ubatizo tukayaficha nyumbani pamoja na tai. Kwenye karatasi za biro, yaani za ofisini, Edmond alikuwa na jina la babu yake. Kwa mama yake, kwa padri na kwa majirani alikuwa Edmond, na mimi namwita hivyohivyo.

Umeme wa Kalemie ulitoka mbali, kwenye santrali, mitambo ya kuzalisha umeme kwa maporomoko kule milimani, ukaja juu ya nguzo za chuma zilizopita mabonde na mashamba ya mihogo. Huku mwisho kulikuwa na kabini, kituo cha kuupokea, kule mwanzo santrali, na kila upande ulikuwa na kikata-umeme chake kikubwa. Waya ukianguka, lazima pande zote mbili zikate. Upande mmoja ukikata na mwingine ukaendelea kusukuma, waya unalala kwenye majani ukiwa na moto wake wote, na anayeukanyaga haulizwi jina. Ubaya ni kwamba mashine za santrali zilikuwa kubwa mno, hazikuhisi waya mmoja uliolala chini huko mbali. Mtu mnene hasikii mbu. Kabini ndiyo iliyohisi: kengele ililia, sindano moja ikaanguka, na kikata-umeme cha upande wake kikajikata chenyewe.

Zamani kulikuwa na sanduku la kijivu la kupeleka habari hiyo. Kabini ikihisi, sanduku lilipitisha mlio kwenye nyaya zilezile za umeme, mlio ambao sikio la mtu haliusikii, na sanduku mwenzake kule santrali lilisikia na kukata kabla hujapepesa jicho. Halikuwa na mke, halikuwa na ukwe, halikumjua mtu. Kisha likafa. Kipuri kikaagizwa Kinshasa, na Kinshasa wakajibu kwamba kinakuja, na kila mwaka lililokuja lilikuwa jibu lenyewe.

Basi Shefu Urbain, mkubwa wa kabini, akaamua kwamba watu ndio watakuwa sanduku. Ile simu nayo ilipita kwenye nyaya hizohizo, na waya mmoja ukianguka ilibaki na nyingine. Kengele ikilia, wa kabini anainua simu na kusema neno moja: kata. Wa santrali haulizi kwa nini. Anakata, kisha anajibu kwamba amekata. Habari za watoto ni za baadaye, alisema Urbain, na kama watoto wamelala njaa hiyo nayo itangoja.

Wa santrali, zamu ya mchana, alikuwa Papa Fidèle. Kwa miaka mingi yeye na Edmond walifanya kazi hiyo vizuri, kwa sababu hawakuwa kitu kwa kila mmoja wao ila sauti. Barabara ya milimani ilikuwa mbaya, hawakuwahi kuonana. Waya ukianguka, Edmond alisema "kata", Fidèle alisema "nimekata", na baada ya hapo, hatari ikiisha, walikaa kwenye simu wakipiga soga. Fidèle alimfundisha kutambua mvua ya milimani kwa kuisikiliza tu simu inavyokwaruza. Edmond alimweleza bei ya mikebuka, wale samaki wa ziwani, sokoni. Mzee alikuwa na kicheko cha polepole, kilichoanza muda mrefu baada ya mzaha kwisha, na Edmond alikipenda kuliko redio.

Kisha Edmond akampenda Bertille. Bertille alikuwa mshonaji, akikaa mjini kwa shangazi yake, Mama Séraphine, na alikuwa na ulimi uliokata kuliko mkasi wake. Siku Edmond alipokwenda kujitambulisha, Mama Séraphine alimwambia kwamba baba wa binti yuko santrali, kazi yake kukaa karibu na simu. Edmond aliomba maji ya kunywa. Alipomaliza aliomba mengine.

Kwa watu wa kwao Fidèle, baba mkwe si mtu wa kuchezewa. Humtazami usoni. Huli mbele yake. Humwamrishi, hata kama nyumba inaungua; unamsalimia kwanza, unauliza mama, unauliza shamba, unangoja mpaka yeye mwenyewe akufungulie njia ya kusema shida yako. Na yeye naye anabanwa: akikukatiza salamu, amekutangazia kwamba hakutaki. Soga zao zilikufa siku ileile. Kicheko cha polepole Edmond hakukisikia tena.

Kengele ya kwanza baada ya uchumba ililia asubuhi moja ya kiangazi. Edmond aliinua simu, mdomo wake ukaenda wenyewe. Alimsalimia Papa. Akauliza ameamkaje, mama ameamkaje, baridi ya milimani inasemaje. Papa Fidèle aliitikia moja baada ya nyingine, maana haikuwezekana kuacha hata moja, akauliza naye mama yake Edmond, miguu ya mama yake Edmond, na mvua. Sindano ilikuwa chini muda wote huo, Edmond akiiona kwa macho yake mawili. Mwishowe akasema, kama Papa hataona ubaya, kuna kazi kidogo ya kukata. Papa akasema hakuna ubaya. Akakata.

Mchana Papa Isidore, mfugaji wa bondeni, alifika kabini na baiskeli iliyobeba mbuzi waliokufa, miguu juu. Yeye mwenyewe alikuwa amekwenda vichakani kwa haja. Angekuwa na tumbo zuri siku ile, angezikwa pamoja na mbuzi wake. Hakupiga kelele. Alitaka tu kujua wakati mbuzi wake wanaruka na kuanguka, wakubwa wa umeme walikuwa wanafanya nini.

Urbain alimuuliza Edmond. Edmond alisema ukweli: walikuwa wanasalimiana. Urbain akainua simu, akamuuliza Papa Fidèle kama kijana alimsalimia kweli. Fidèle alijibu kwamba alimsalimia vizuri sana, hana malalamiko.

Nimemwona Urbain akikasirika mara nyingi, lakini siku hiyo hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni, na hilo ni baya zaidi. Alisema akisikia salamu tena kabla ya neno, mmoja wao atafunga virago. Baadaye huruma ikamshika, akatafuta njia. Alikumbuka kwamba kwa watu wengi mtu asiyeweza kusema na mkwe wake husema na kitu kilicho karibu, chungu au ukuta, na mkwe akasikia. Wakajaribu. Edmond alishika simu akasema, "Meza, mwambie Papa akate." Kule hakikukatwa kitu. Walipouliza, Fidèle alisema alisikia meza ikiagizwa, lakini meza yenyewe haijamwambia neno.

Habari za mbuzi zilifika kwa Bertille kabla mizoga yao haijapoa. Alikuja mpaka kwenye uzio wa kabini, kipimo cha kushonea kikiwa bado shingoni, akamwita Edmond. Wazee walikuwa wamepanga kukutana Jumapili kwa Mama Séraphine, baba yake akishuka kutoka milimani kusema ndiyo au hapana. Alimweleza Edmond kwamba wamekwisha kuja wachumba wawili kabla yake, na mmoja alirudishwa kwa sababu alikaa kabla ya kuambiwa kaa.

"Papa akisema hapana, basi njo imeisha," Bertille alisema. "Mimi nakutaka wewe. Usinipoteze kwa neno moja."

Edmond alimwambia asiwe na wasiwasi. Uongo ule, jamani, hata yeye mwenyewe haukumwingia.

Na ikawa Jumamosi, siku moja kabla ya wazee kukutana. Jumamosi ilikuwa ya salongo: kila mtaa hutoka na majembe na mapanga kufanya kazi ya bure kwa ajili ya taifa. Asubuhi hiyo watu wa bondeni walikuwa wamepangiwa kufyeka majani chini ya nguzo za umeme. Edmond alijua, kwa sababu Urbain ndiye aliyeomba, na mama wengi wa parokia yake walikuwa miongoni mwao.

Kengele ikalia. Sindano ikaanguka.

Edmond aliinua simu. Ukitaka kujua aliwaza nini, hakuwaza taifa. Alimwaza Bertille na kipimo chake shingoni. Kule milimani Papa Fidèle, kwa ukarimu wake wote, alitangulia yeye kusalimia ili kumpunguzia kijana mzigo. Alisema, "Jambo mwanangu, muliamka ki..."

"Kata!" Edmond alimkatiza. "Fidèle! We Fidèle, kata!"

Bila Papa. Jina tupu, kama anavyoitwa mbwa.

"Nimekata," sauti ikasema, na simu ikawekwa chini.

Edmond alikaa kwenye kiti akalia. Sioni haja ya kulificha hilo. Alilia kama mtu aliyefiwa, na Urbain alitoka nje ili amwachie nafasi.

Walioenda kutazama waya walirudi na taarifa. Waya ulikuwa umelala katikati kabisa ya mahali pa kufyeka, majani yameungua pande zote. Lakini pale hapakuwa na mtu. Shefu wa mtaa alichelewa, na watu wa salongo walimngojea mtoni kwenye kivuli, wakimwombea achelewe zaidi. Edmond hakumwokoa mtu. Hata mbuzi.

Jumapili wazee walikaa kwa Mama Séraphine. Edmond alikaa mkekani nyuma ya mjomba wake Eugène, macho chini kama desturi inavyotaka, kwa hiyo siku aliyokutana na Papa Fidèle kwa mara ya kwanza aliona viatu tu. Vilikuwa vidogo. Miaka yote hiyo alidhani ni mtu mkubwa.

Upande wa binti alisema Papa Casimir, mdogo wake Fidèle, mtu aliyeipenda sana sauti yake. Alieleza kosa kwa utaratibu. Kijana amemkatiza mkwe wake. Kijana amemwamrisha mkwe wake. Kijana amemwita mkwe wake kwa jina tupu, kwenye simu ya serikali. Na kwa ajili ya nani? Wote wamesikia: kwa ajili ya mahali pasipo na mtu. Mama Séraphine aliguna akasema mdomo uliponza kichwa. Mjomba Eugène aliomba msamaha kwa niaba ya ukoo, akasema wako tayari kutoa mbuzi wa faini, kisha akajuta kutaja mbuzi.

Nyuma ya pazia Bertille aliacha kupumua. Edmond alimsikia.

Hapo Papa Fidèle akafanya jambo ambalo baba wa binti hafanyi: alimgusa mdogo wake bega ili anyamaze, akasema mwenyewe.

"Kijana alijuaje kama hakuna muntu? Mimi nilijuaje?" Alisema polepole, kama anayesoma sindano. "Mara ya kwanza alinisalimia. Niliposikia salamu ndefu vile, nilijua kuna waya chini. Nilijua, na nikaendelea kuitika, sababu mukwe hakatizwi. Tangu siku ile, kila ninapolala, namuona Isidore amekufa pale bondeni. Hii mara ya pili, kijana amefanya kazi. Mutoto nimemupa."

Pazia lilitikisika. Casimir alifungua mdomo, lakini mzee hakuwa amemaliza.

"Ila mimi siwezi kuwa baba mukwe wa muntu anayeniamuru, na yeye hawezi kuacha kuniamuru, sababu watu watakufa. Basi kiti cha simu nimekiacha. Nimewaambia wakubwa jana. Nitasafisha machujio ya majani kwenye mlango wa maji, yanapoingia mashineni."

Kiti kile Fidèle alikikalia tangu ujana wake, kabla ya Zaire kuitwa Zaire. Edmond alitaka kupiga magoti aseme hapana, Papa, nitahama mimi. Lakini kumkatalia mkwe zawadi ni kosa kubwa kuliko kumwita kwa jina, kwa hiyo aliendelea kutazama viatu vile vidogo.

Walioana kabla ya mvua. Arusi ilikuwa nzuri, na mimi nilikula.

Kule santrali aliketi kijana mmoja, Adalbert, mwepesi, asiye na ndugu wa kike. Waya ukianguka, Edmond alisema kata na Adalbert alisema nimekata, na bonde lilikuwa salama kuliko siku za sanduku. Kila mtu aliridhika. Edmond peke yake, hatari ilipokwisha na simu ikiwa bado mkononi, alibaki akisikiliza mikwaruzo ya mvua ya milimani bila mtu wa kumwambia kwamba ameitambua. Alimkumbuka mzee mpaka kifua kikamuuma, na mkewe alijua, na hakukuwa na dawa.

Siku moja, kazi ilipokwisha, alishindwa. Alimuuliza Adalbert kama Papa Fidèle yuko mzima kule kwenye mlango wa maji.

Adalbert akasema mzee yuko hapo hapo, amesimama kizingitini. Huja kila kengele ikilia, husimama mpaka asikie umeme umekatwa, ndipo anarudi kwenye maji yake.

Edmond aliuliza kama mzee ana neno lolote kwake.

Zikasikika sauti mbili zikinong'onezana mbali na simu.

"Anasema hapana," alisema Adalbert. "Anasema uweke simu chini, laini ibaki wazi."

Edmond akaiweka chini.