Juzuu za Kitabu cha Vita

Ukitaka kujua watu wa Kariakoo wanasoma nini, usiwaulize. Watakwambia hawana muda wa kusoma. Tazama chini ya kaunta. Kazi ya kutafuta habari mitaani imenipa tabia hiyo: nikiingia dukani, kabla sijatazama bidhaa natazama kile mwenye duka alichokifunika haraka mteja alipotokea. Nimekuta vijitabu vya dua vilivyolainika kwa vidole, magazeti ya michezo yaliyokunjwa penye msimamo wa ligi, vitabu vya namna ya kutajirika, na simu, simu nyingi. Kwenye duka moja la masufuria nilikuta vita.

Mwenye duka alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mnene, mpole, asiyevumilia kuona paka akitupiwa jiwe. Mtaa mzima ulimwita Mangi, kama wanavyoitwa wenye maduka wengi wa kwao. Nyuma ya masufuria alipanga vitabu vya mitumba alivyovipata kwa wauzaji wanaotandaza pembeni ya barabara kule Posta, vyote vya historia ya vita: vifaru, manowari, majemadari waliokunja uso. Alivisoma kwa Kiingereza, polepole, midomo ikicheza, kisha akavisimulia kwa Kiswahili kwa yeyote aliyekuja kununua kikaango.

"Mangi, leo uko wapi?" Ndiyo ilikuwa salamu ya majirani.

"Leo niko jangwani. Maji yameisha, adui yuko mbele."

Aliyemcheka zaidi alikuwa mama wa duka la khanga lililopakana na lake, mtoto wa familia ya zamani ya pwani. "Wewe Mangi ungepelekwa vitani kweli, ungemuuzia adui masufuria kwa jumla."

"Na nyinyi watu wa pwani mngechelewa, vita ingekwisha mnavaa."

Hivyo ndivyo walivyoishi, ukuta kwa ukuta. Siku moja Mangi alirudi kutoka Posta na kitabu kinene kama tofali. Kilihusu vita walivyopigana Wajerumani na Waingereza katika nchi yetu hii, zile enzi za mababu. Alikitangaza kwa sauti kama kawaida yake. Mama wa khanga aliacha kukunja.

"Hiyo vita yako imeandika wapagazi?"

"Imeandika kila kitu," Mangi alijigamba, na hata dibaji hajaimaliza.

Ndipo mama wa khanga alipotueleza. Mama yake alikuwa mgonjwa, moyo umechoka, yuko nyumbani Ilala. Babu wa huyo mgonjwa alikamatwa shambani upande wa Kisarawe akapelekwa kubeba mizigo ya vita. Nyuma aliacha mke na mtoto anayenyonya. Hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema amemwona akifa. Mkewe akakataa kuweka matanga. Tanga la mtu asiye na habari, alisema, utalianuaje? Watu walinong'ona kwamba mume ameoa huko aliko. Mke akafa na kukataa kwake, mtoto akarithi kukataa huko, na sasa mjukuu, kitandani, alitaka jambo moja: babu asomewe hitima kabla yeye hajasomewa yake. Lakini hakutaka kulivunja neno la bibi yake bila habari yoyote mkononi.

"Anataka mtu amwambie tu," alisema. "Amekufa au aliwakimbia. Basi."

Mangi alikipima kitabu kwenye kiganja. "Jirani, kwa mwendo wangu nitamaliza mwakani."

"Mwakani mama hayupo."

Kisha mama wa khanga akauliza, taratibu: "Kwani hitima tunasomaje?"

Kila aliyewahi kukaa kwenye jamvi la hitima anajua. Msahafu huja umegawanywa katika vijitabu, juzuu. Kila mtu anachukua yake, wote wanasoma kwa pamoja, na kabla chai haijapoa msahafu mzima umesomwa.

"Hicho si msahafu," alisema mama wa khanga. "Kinakatika. Nina mkasi."

"Nimewahi kuchinja mbuzi," Mangi alilalamika, "sijawahi kuchinja kitabu!" Lakini mwenyewe ndiye aliyekishika kikikatwa, ameangalia pembeni, kwa ule mkasi wa kukatia vitambaa. Vilitoka vipande vinne. Cha kwanza akachukua yeye, kwa kuwa ndiko alikokuwa ameanzia. Cha pili alipewa dada wa duka la dawa, cha tatu muuza viatu wa Mchikichini aliyekuja kumtembelea Mangi akajikuta ameshikishwa, na cha mwisho mimi.

Tulisoma kama watu wa Kariakoo wanavyosoma, mstari na mteja, mstari na mteja. Ijumaa baada ya sala tukakutana kwenye duka la khanga, mlango nusu.

Mangi alianza, na nakiri alisimulia vizuri. Mizinga ililia mle ndani. Dada wa dawa akaleta meli zinazopiga mji kutoka baharini. Muuza viatu alisimama kabisa kutuonyesha jemadari alivyozunguka kilima. Mimi nikawavusha mto katika masika, nikajiona hodari. Kila mmoja alipomaliza, mama wa khanga aliuliza swali lilelile: "Na wapagazi?"

"Wapo."

"Wapo wapi?"

"Wapo tu, wanabeba."

Alitumiminia kahawa bila hasira. "Mmenisomea wakubwa. Rudini."

Hakuna kazi ya kusoma iliyowahi kunishtua kama ile ya kurudi. Ukurasa ni uleule, penseli mkononi, na sasa sikutazama jemadari bali nyuma yake. Ule mto niliouvusha kwa sentensi moja ulivukwa na watu wenye masanduku kichwani, maji kifuani. Farasi na ng'ombe walikuwa wameshakufa kwa mbung'o, magari yamezama matopeni. Kwa hiyo kila kitu, risasi, unga, dawa, hata kitanda cha kukunja cha mkubwa, kilikwenda juu ya vichwa vya watu. Na aliyebeba unga alihitaji kula unga, hivyo kadiri safari ilivyorefuka ndivyo mzigo ulivyoliwa njiani, na nyuma yake ikabidi atoke mwingine na unga mwingine. Yote haya yalikuwa katika vijisentensi vya mwisho wa aya, kama vumbi lililofagiliwa pembeni. Nilifika mahali pa idadi ya waliokufa nikaweka kipande chini. Nje walikuwa wanapita wachukuzi na majora ya vitambaa mabegani, "Mzigo! Pisha mzigo!" Nikapisha ilhali nilikuwa nimekaa ndani.

Tulipokutana tena hakuna aliyesimama kuonyesha kitu. Dada wa dawa alisema kambi ya kuwakusanyia wapagazi ilikuwa hapa, soko lilipo sasa. Tulilijua hilo, kwamba jina la mtaa limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza tumefundishwa tangu shule. Hata hivyo sote tuliitazama sakafu.

"Nimesoma vita maisha yangu yote," alisema Mangi. "Sikujua kwamba inatembea kwa miguu ya watu hawa."

Tukaenda Ilala. Mgonjwa alikuwa ameegemezwa mito, mdogo kama mtoto, macho makali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Mangi wa vita?"

"Ndiye mimi." Akavua kofia. "Mama, jina lake halimo. La mpagazi yeyote halimo."

"Nani angemuuliza jina na mzigo kichwani? Sema walikufaje."

Mangi alimwambia bila kupamba: njaa, kuharisha, homa, njiani. Anayeanguka aliachwa, waliobaki wakaendelea. Kisha akaniangalia. Nilijua alichokuwa nacho kwenye kipande chake, nikaogopa atakisema.

Alikisema. "Na wapo waliotoroka, mama. Kitabu kimeandika. Siwezi kukuficha."

Bintiye aliinamisha kichwa. Mgonjwa alichezea pindo la khanga kwa vidole.

"Waliotoroka walikwenda wapi?"

"Kwao. Kimeandika hivyo, walirudi makwao."

"Kwao ni Kisarawe," alisema. "Kutoka hapo sokoni kwenu ni mwendo wa siku. Mke yupo, mtoto anayenyonya yupo. Angetoroka tungemwona." Akavuta pumzi. "Basi hakutoroka. Mwiteni shehe."

Hitima ilisomwa humohumo nyumbani, majamvi mpaka ukumbini. Juzuu zikagawanywa. Mangi alikaa karibu na mlango, viatu amevua, mikono haijui pa kukaa, na mgonjwa akamwona kupitia pazia.

"Na yule naye ashike yake," alisema.

Mangi akatoa mfukoni kipande chake cha kitabu, chenye alama za penseli, akakifungua magotini. Sauti za wasomaji zilipanda pamoja, kila mmoja na juzuu yake. Katikati yao midomo ya Mangi nayo ikicheza, polepole, hairuki mstari.

Dua ilipokwisha, mama yule alimwita bintiye.

"Haya, leteni chakula," alisema. "Tumeshamzika."