Mwalimu Kavinya na Darasa la Mafulioni

Alizaliwa mwaka 1932 katika milima ya Mbooni, wilayani Machakos, mtoto wa Matheka, mchonga vinyago, na mkewe Ndindi. Wakamwita Kavinya, na alipobatizwa akaongezewa jina Monika. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema, na alipoanza hakunyamaza tena. Aliwafundisha sala mbuzi wa baba yake na kumgombeza yule asiyeitikia. Baba alimpeleka shule ya misheni, bahati ambayo wasichana wengi wa rika lake hawakuipata, na baadaye akaingia chuo cha ualimu. Aliolewa na Musau, dereva wa lori, wakahamia Ziwani, jijini Nairobi. Mungu hakuwajalia mtoto. Musau alipofariki mwaka 1979, Mwalimu Kavinya alibaki na darasa lake la tatu, akalifundisha mpaka alipostaafu mwaka 1991. Watoto wa Eastlands waliopita mikononi mwake walikuwa wengi hata hakuweza kununua nyanya sokoni Gikomba bila kuitwa kutoka kila kibanda.

Ni vema waumini wajue pia kasoro aliyozaliwa nayo, kwa kuwa Mungu aliitumia. Lugha ya kwao haina sauti ya r, na ulimi wake haukuwahi kuipata. Alisema "balua" na "lafiki". Wanafunzi walicheka, naye alicheka nao, kisha akaendelea vilevile.

Wito wake ulimjia sokoni mwaka 1992. Karibu na vibanda vya mitumba alisikia sauti ikimwita, "Sasa, Odijo!" ambalo ndilo jina ambalo vijana wa mitaa ile humwita mwalimu. Alikuwa Jacklyne Anyango, msichana wa miaka kumi na sita aliyewahi kumfundisha, ameshika chupa ya gundi ya kunusa mkononi kama mtu aliyeshika soda. Mwalimu alimuuliza amefika darasa gani. "La sita," akajibu. Je, angependa kumaliza? Jacklyne akacheka. "Na nani atanichukua, Odijo, nikinuka hivi?"

Neno hilo lilimkaa kifuani wiki nzima. Kila alipopiga magoti kusali, lilipiga magoti kando yake. Hatimaye alimwendea Padri Tobias wa parokia yake akaomba ukumbi wa kanisa siku za kazi. Akazunguka Ziwani, Makongeni hadi Mukuru kwa Reuben, akitafuta vijana waliokuwa wametoka kwenye matibabu ya pombe na bhangi, na ambao shule zao hazikutaka kuwaona tena. Alianza na wachache, Jacklyne akiwa wa kwanza kufika. Vipindi vilikuwa vifupi, kwa maana akili zao zilichoka upesi. Katikati ya asubuhi, saa ambayo mwili hudai ulichozoea, aliweka chaki chini, akagawa vipande vya sukari nguru, na wote wakaimba hesabu za kuzidisha mpaka hamu ipite.

Sheria ya darasa ilikuwa moja. Aliyeanguka akanywa, au akavuta, asijifiche. Aje mlangoni na kusema, "Nimerudi," na wenzake wajibu, "Kiti chako kipo." Lakini kwa kuwa walijifunza neno hilo kinywani mwa Mwalimu Kavinya, hakuna aliyelisema sawasawa. Wote walisema "Nimeludi", kwanza kwa kumtania, baadaye kwa mazoea, mwishowe kwa heshima.

Jaribu kubwa lilikuja Jumapili moja ya Kwaresima, mwaka 1994. Padri Tobias alikuwa katikati ya mahubiri, mlango ukasukumwa. Akasimama Owuor, mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka Makongeni, kijana mwepesi kuliko wote katika hisabati, kiatu mguu mmoja, shati limefungwa vifungo upande. Alikuwa ameanguka Jumamosi, na akaogopa kwamba akingoja Jumatatu, hatafika. Basi alikwenda mahali alipojua Mwalimu atakuwepo, akapaza sauti mpaka madirisha yakatetemeka: "Nimeludi!"

Mhudumu alimkamata ukosi. Kanisa zima likageuka kumtazama Mwalimu Kavinya, naye aliona haya, kama ambavyo yeyote kati yetu angeona. Hata hivyo alisimama. "Kiti chako kipo, Owuol," akasema. "Pita." Akasogea kwenye benchi. Owuor akaketi, na kabla ya Nasadiki alikuwa anakoroma begani mwake.

Baraza la parokia lilimwita jioni ile. Mwenyekiti, Bwana Nyamai, karani mwenye msimamo mkali, hakuzunguka. "Mwalimu, tunakuheshimu, lakini kanisa si kilabu cha chang'aa. Mtoe kijana huyo, ukumbi ubaki wako. Ukimweka, acha ufunguo hapa." Mtihani wa darasa la nane ulikuwa Novemba. Bila mahali pa kusomea, wengi wa wanafunzi wake wangerudi vichochoroni kabla ya Pasaka, na hilo alilijua vizuri kuliko wote waliokaa pale. Alifumba macho kusali. Kwa jinsi alivyokawia, mjumbe mmoja alidhani amelala. Kisha akasema: "Kijana alitii shelia niliyompa. Nikimfukuza kwa sababu ameludi, wengine watajifunza kujificha." Akaweka ufunguo mezani.

Akatoka, akaelekea nyumbani. Alikuwa amewapotezea paa watoto wote kwa ajili ya mmoja, na hakuwa na hakika kama Bwana alikuwa amesema naye au ni ukaidi wake wa Mbooni. Asubuhi alimkuta Owuor mlangoni pake, macho mekundu lakini akili timamu. "Odijo, mimi najitoa. Waambie wakurudishie ukumbi."

"Umemaliza?" Mwalimu akauliza. "Haya, shika ubao upande huo."

Waliubeba ubao huo, alioutunza nyumbani kwake, mpaka mafulioni, pale kwenye mabomba ya maji ambapo akina mama wa Ziwani hufua, wakauning'iniza kwenye kamba ya nguo. Wanafunzi walikalia ndoo zilizopinduliwa. Akina mama walinung'unika siku ya kwanza. Siku ya pili walikuwa wakijibu maswali kabla ya wanafunzi. "Hamsini na sita!" alipaza sauti Mama Kaluki kutoka kwenye beseni lake, na Jacklyne akamjibu, "Mama Kaluki, fua nguo zako, mtihani ni wetu!" Masika yalipoanza, mvua ilinyesha Shauri Moyo, ikanyesha Makongeni, lakini pale mafulioni, asubuhi baada ya asubuhi, ilingoja masomo yaishe. Akina mama wanaliita ajabu mpaka leo. Mwalimu mwenyewe alisema mvua ya Nairobi ndivyo ilivyo, kisha akamshukuru Mungu tu, asije akawa amekosea.

Mwezi Julai, shuka lililokuwa limeanikwa lilisogezwa, akatokea Bwana Nyamai katika suti yake. Wanafunzi walidhani amekuja kuwafukuza hata pale. Alitazama viatu vyake. Ndipo kikajulikana kile ambacho nyumba yake ilikuwa imekificha miaka mingi. "Nimerudi," akasema kwa sauti ndogo.

Jacklyne ndiye aliyemjibu kwanza. "Hiyo siyo, Mzee. Sema kama Odijo."

"Nimeludi," akasema Bwana Nyamai.

"Kiti chako kipo!" wakapiga kelele wote, na Owuor akampisha ndoo yake.

Alirudisha ufunguo siku ileile. Mwalimu Kavinya aliupokea kwa furaha, lakini ukumbi aliutumia siku za mvua tu. Alikuwa amegundua kwamba mlango wa kanisa humtisha mwenye aibu, ilhali mtu akionekana bombani na ndoo tupu, hakuna anayemuuliza amefuata nini. Wengi walianza hivyo: walikuja kuteka maji, wakabaki.

Novemba ile Jacklyne alifaulu, na sasa anasomea uuguzi. Owuor alianguka tena mara kadhaa, akarudi kila mara, akafanya mtihani mwaka uliofuata na kupita. Mwalimu Kavinya alilala katika Bwana mwezi Juni 1998, baada ya kuugua moyo kwa muda mfupi, akazikwa Mbooni. Mama mmoja wa Tassia, ambaye mwanawe alikuwa amepotea tangu Krismasi, alimwomba marehemu amwombee palepale kaburini, na jioni hiyo aliporudi nyumbani alimkuta kijana ameketi kizingitini, anauliza kama kuna chai. Kanisa ndilo litakalopima mambo hayo. Sisi tunayaeleza kama tulivyoyasikia.

Anayetaka kumfuata mtumishi huyu wa Mungu hahitaji kungoja ndoto wala sauti ya malaika. Owuor anafundisha Kiswahili pale mafulioni, Bwana Nyamai anafundisha jiografia, na Mama Kaluki, ambaye hakuwahi kukanyaga shule utotoni, yuko darasa la tano. Mwalimu wa sayansi bado hajapatikana. Masomo huanza saa mbili asubuhi. Aje na ndoo yake ya kukalia.