Kimya Baada ya Ubeti wa Pili

Australia, nilikohamia nikiwa msichana, mimi ni mshairi. Nina vitabu vitatu, tuzo moja, na shairi la kifo cha mama ambalo nimelisoma kwenye majukwaa kuanzia Perth hadi Sydney bila sauti kutetereka. Baada ya ubeti wa pili huwa nanyamaza kidogo. Ni ufundi tu, si majonzi. Wasikilizaji hukipenda kimya hicho, na wahakiki wamekisifu.

Mwaka jana chuo kimoja cha Houston, Marekani, kilinialika. Mama mdogo wangu, nesi anayeishi Alief, mtaa wa huko huko Houston, akasema siondoki bila kuwasomea watu wa kanisa lake, Wakenya wenzetu. Sikutaka, lakini nani humkatalia mama mdogo?

Nilisoma ubeti wa kwanza, nikasoma wa pili, nikanyamaza. Mama mmoja aliyeketi mbele akaanzisha wimbo. Kanisa zima likasimama na kuupokea. Kwetu, anayemzungumzia marehemu akishindwa kuendelea, haachwi peke yake. Huimbiwa mpaka apate nguvu.

Walidhani nimeshindwa. Niliudhika kweli. Nilitaka kuwaambia waketi, shairi halijaisha, mimi ni mzima kabisa. Sikuwa nikihisi chochote, kama ambavyo sijahisi chochote tangu tumzike mama.

Mama mdogo akaja mbele na leso, akanipangusa macho. Akaitazama leso, akaona ni kavu. Akaendelea kupangusa.