Nusu ya Uso wa Kokushubira

Nyaishozi, huko Karagwe, kuna mama mmoja asiyedanganyika na picha. Jina lake Kokushubira, ila wateja wamelifupisha, wanamwita Ma Koku. Kibanda umiza chake, cha kuonyeshea filamu, kiko nyuma ya maduka ya barabarani: mabati, mabenchi ya mbao za mikaratusi, runinga kubwa mbele na pazia jeusi mlangoni. Amekaa kwenye mlango huo miaka na miaka, kwanza na mumewe Nestory, na tangu Nestory afariki, peke yake. Katika kukaa huko amejifunza lugha ambayo sijasikia shule inayoifundisha.

Kiingereza hajui, na Kichina ndiyo usiseme. Lakini mpe kava la filamu alitazame, atakwambia kilichomo. Uso mzima, meno nje, maua kwa nyuma: hayo ni mapenzi, waiteni wake zenu. Mtu amekupa mgongo, mbele yake barabara tupu, herufi nyekundu zimechanikachanika: hapo kuna mauaji, na muuaji ni yule aliyechorwa mdogo pembeni, anayetabasamu. Picha ikianza ndiyo kabisa. Wakikuonyesha viatu vinatembea kabla ya kukuonyesha mwenye viatu, mwenye viatu ni adui. Wakikuonyesha familia inakunywa chai na kucheka, usiwazoee. Nyumba ikitazamwa kutoka juu, kama mwewe anavyotazama vifaranga, jua wenye nyumba wamekwisha.

"Steringi hauawi," huwaambia wateja, akimaanisha shujaa wa picha, akiwapisha waingie. "Ila rafiki wa steringi aandike wosia mapema."

Alizaliwa Isingiro, huko Kyerwa, katika nyumba ya Kilutheri yenye kibanja kizuri cha migomba na kahawa. Kaka yake Projestus ndiye aliyerithi kibanja, akaja kuwa mzee wa kanisa, mtu wa kofia na fimbo. Siku aliposikia kwamba dada yake na Nestory wamefungua kibanda cha video, alifunga safari kuja kumwambia kuwa hakuna binti wa nyumba ile atakayekusanya wahuni wakae gizani kutazama damu. Kokushubira hakuzaliwa na ulimi wa kukopa. Alimjibu kwamba hata kwenye Biblia yake watu hawafiki mbali kabla Kaini hajamuua ndugu yake. Projestus akasema, kama ni hivyo, asikanyage tena kibanja cha baba.

Hakukanyaga. Na Nestory alipofariki, Projestus alituma salamu za rambirambi kwa mdomo wa mtu mwingine, mwenyewe hakuja. Hilo ndilo lililomchoma Kokushubira kuliko yale ya kibanja. Mtoto hawakujaliwa. Jioni akikunja pazia lake alikuwa na swali moja ambalo hakumwambia mtu: nikifa, nani atakuja? Kule kwao mtu aliyefiwa hupelekewa mikungu ya ndizi, kuni na maji, na wanaopita hutazama uani wakajua marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Yeye aliuona uani wake mtupu. Mbele za watu alicheka, lakini swali lilikuwa pale pale.

Ndipo akaja Mwesiga, mpiga picha za harusi, mtu mzima mwenye studio yake na mke wake, aliyechoka kupiga keki zikikatwa. Alikuwa anatengeneza filamu yake mwenyewe, Nani Alizima Taa: mnunuzi wa kahawa ameuawa Nyakakika, na mjane mmoja anamjua muuaji. Alikuja kwa Ma Koku kuomba ushauri, akaondoka amempata mjane wa kuigiza, Ma Koku mwenyewe.

"Filamu yako inaanzaje?" Ma Koku alimuuliza.

"Inaanza na jua linachomoza, ngoma inalia, vilima vyote vya Karagwe vinaonekana."

"Hiyo ni ya watalii, baba. Anza na miguu."

Wakaanza na miguu. Asubuhi ya ukungu, mabuti ya mvua yanakanyaga majani makavu ya migomba, taratibu, halafu kikapu kimepinduka na kahawa mbichi imemwagika njiani. Uso hauonekani. Mwesiga alipoiona kwenye kompyuta alisisimka mwili, akamshukuru mama yule kwa mikono miwili.

Kwenye bango walibishana kidogo. Mwesiga alikuwa ameweka uso mzima wa Ma Koku, unang'aa, na kitambaa kizuri kichwani. Mama alilitazama akatikisa kichwa. "Hii ni kadi ya mchango wa harusi. Nizime nusu." Basi nusu ya uso ikazamishwa gizani. Nyuma kukawa kweusi kutupu. Chini ya kidevu ikawekwa koroboi inayowaka, na chini ya koroboi jina Kokushubira kwa herufi nyeupe. Jina la filamu likashushwa chini kabisa, jekundu, limechanika. Bango likabandikwa Nyaishozi, na jingine Mwesiga akalipeleka hadi senta ya Isingiro, ili watu wa kwao wamwone binti yao.

Walimwona. Ma Koku alijua lugha ya mabango kuliko mtu yeyote wilayani, ila alisahau kwamba wasioingia kibandani wana lugha yao. Siku hizi mtu akifariki, taarifa hupita kwenye simu: uso wa marehemu, nyuma kweusi, mshumaa unawaka, jina kwa herufi nyeupe. Pale senta muuza viazi alikuwa ametandaza mwavuli wake mbele ya bango, ukaziba sehemu ya chini. Mama mmoja wa ukoo akapita, akaona uso, giza, taa na jina. Akapiga picha akilia, akairusha kwenye kundi la ukoo, na usiku huohuo taarifa ikafika hadi Nyaishozi.

Asubuhi ya Jumamosi Kokushubira alikuwa anafagia kibanda chake aliposikia kilio kinakuja kutoka barabarani. Akajua jirani amefiwa. Akatupa ufagio, akajifunga kanga kiunoni, akatoka mbio kuwapokea wafiwa kama inavyotakiwa. Wanawake walikuwa wanaingia uani kwake na mikungu vichwani, wengine na kuni.

"Poleni, waitu, ndugu zangu. Nani ametutoka?" akawauliza.

Mwanamke wa mbele alimtazama, akakaa chini na mkungu wake. Wa nyuma yake wakasimama. Kilio kikakatika.

Nyuma yao ilikuwa imesimama pikapu kutoka Isingiro, na Projestus alikuwa anashuka. Mzee yule, ambaye hata Biblia hubebewa, alikuwa amejitwika mkungu begani mwenyewe, na uso ulikuwa umelowa. Aliinamisha kichwa kwa uzito, hakuona mbele. Alipoinua macho dada yake alikuwa amesimama karibu yake.

"Shikamoo, kaka."

Projestus aliushusha mkungu chini. "Wewe ni Koku?"

"Ni mimi."

"Nimekuja kukuzika."

"Naona," alisema Kokushubira. "Karibu."

Bango la pale Nyaishozi likaletwa, lile lisilozibwa na mwavuli. Mwesiga naye alikuja anahema, ameshapigiwa simu, ameandaa maneno ya kuomba radhi, Ma Koku akamwashiria anyamaze. Projestus alilishika bango mbali na macho, akalisogeza karibu.

"Mbona wamekuzima nusu?"

"Picha za mauaji ndivyo zinavyotangazwa, kaka. Mimi mwenyewe nilitaka hivyo."

"Sisi ndivyo tunavyotangaza msiba." Akamrudishia bango. Aibu ilikuwa imeanza kumpanda, na wote waliomjua waliiona. Akauinamia mkungu wake, akaunyanyua, akageukia pikapu.

Kokushubira alijua akiruhusu ule mkungu upande gari, kaka yake haji tena mpaka siku ya kweli, na siku hiyo yeye hatakuwepo kumwona. Lakini kumsihi hakuweza.

Aliyemwokoa ni Agnetha, shangazi yao, kikongwe aliyekuwa bado amekaa kwenye kiti cha mbele cha pikapu. "Projestus, unakwenda wapi na hiyo ndizi?" aliuliza. "Chakula cha msiba hakirudi kilikotoka. Marehemu akikataa kufa ni shauri lake. Ndizi zitamenywa."

Mtu mmoja akacheka, halafu wakacheka wote. Visu vikatafutwa. Wanawake wakatandika majani ya migomba uani wakakaa kumenya, maharage yakateremshwa, kuni zilizoletwa kwa msiba zikawasha moto wa chakula cha mchana. Kokushubira alikaa katikati yao, na hapo ndipo alipoanza kuwatazama waliokuja. Kulikuwa na mke wa mchungaji, ambaye hajawahi kuinua lile pazia jeusi. Kulikuwa na mteja wake wa kila siku, mlevi mmoja asiyekaa chini mpaka picha iishe, kapasua kuni mpaka shati limeshikana na mgongo. Kulikuwa na majirani waliompita barabarani kwa salamu fupi tu. Uani palikuwa hapana pa kukanyaga. Machozi yalimtoka akimenya, akayaacha yatoke. Alimshukuru Mungu waziwazi, kwa Kinyambo, kwamba watu wengine hujibiwa swali hilo wakiwa ndani ya jeneza, yeye kajibiwa akiwa na kisu mkononi.

Baada ya kula Projestus alisimama mbele ya pazia, akalitazama. "Nionyeshe hicho kilichonileta," alisema.

Akakaa benchi la mbele, kofia magotini. Mabuti yakaanza kutembea juu ya majani makavu. Mzee alishika ukingo wa benchi.

"Huyo ni nani?"

"Adui."

"Umejuaje? Hawajamwonyesha uso."

"Ndiyo maana."

Aliitazama hadi mwisho. Muuaji alipokamatwa, Projestus alisema "Haleluya" kwa sauti, na mlevi akaitikia "Amina."

Jioni pikapu ikiwa imeshawashwa, Projestus alimvuta dada yake pembeni.

"Ningekuwa mimi nimekufa, ungekuja?"

"Ningekuja."

"Na mimi sikuja kwa Nestory."

"Ningekuja, kaka."

Mzee akatazama kofia yake. "Basi usisubiri nife," alisema. "Kesho, baada ya ibada, njoo nyumbani kwa baba."

Kokushubira akakunja magoti, akaushika mkono wa kaka yake kwa mikono yake yote miwili, kama mama yao alivyowafundisha wasichana wa nyumba ile kumsalimia mkubwa wao.